Jinsi Kompyuta Inavyoitunza Diski Yake

Wengi wetu twajua kutumia kompyuta, lakini ni wachache wanaojua kazi inayofanyika ndani yake mtu anapofuta faili. Nia yangu ni kuieleza kazi hiyo kwa maneno machache, maana katika shule yetu iligusa fedha za wazazi.

Mwaka juzi wazazi walichanga fedha ili kompyuta kumi na mbili za shule yetu, hapa Uganda, ziondolewe diski za zamani na kutiwa diski za SSD. Mama yangu alitoa sehemu yake kwa kuuza ndizi sokoni. Mwanzoni kompyuta zilikuwa nyepesi mno. Kabla ya mwaka kwisha zikawa nzito, hata kuhifadhi insha moja kulichukua muda wa kusali Baba Yetu. Manung'uniko yakaanza kwamba fedha zimetupwa. Bruda anayesimamia chumba cha kompyuta akaniagiza mimi, kiranja wa chumba hicho, tutafute sababu pamoja, kisha niwaeleze wazazi katika mkutano wao.

Yafaa kwanza tujue tofauti ya diski hizi mbili. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, na juu yake kichwa cha kusomea huenda huku na huku. Ukitaka kuandika mahali palipokwisha kuandikwa, waandika juu yake tu. SSD haina kitu kinachozunguka. Ndani yake mna kumbukumbu ya aina ya NAND, ambayo Mjapani Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba waliitangaza mwaka 1987. Kumbukumbu hii huandikwa ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa mmoja aghalabu ni kilobaiti 4 hadi 16. Lakini haifutwi ukurasa mmoja mmoja. Hufutwa fungu zima lenye kurasa nyingi, pengine mamia. Wala ukurasa uliokwisha kuandikwa hauandikwi tena mpaka fungu lake lote lifutwe.

Wazazi niliwapa mfano wa mabweni. Tuseme sheria yakataza kusafisha kitanda kimoja. Lazima bweni zima litolewe vitu ndipo lioshwe. Msimamizi akitaka vitanda vya wageni, huyahamisha masanduku ya wanafunzi waliomo hadi bweni jingine, kisha huosha. Lakini orodha ya nani yupo na nani ameondoka iko ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mwanafunzi akimaliza masomo, ofisi hufuta jina lake. Kama msimamizi hakupelekewa habari, ataendelea kulibeba sanduku la kijana yule toka bweni hata bweni, akidhani mwenyewe yupo. Mwishowe mabweni yote yatajaa masanduku ya watu waliokwisha kwenda zao, na wageni watangoja mlangoni.

Ofisi ndiyo mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala kompyuta, kama vile Windows au Linux. Msimamizi ni kidhibiti kilichomo ndani ya diski. Tarishi wa kupeleka barua kati yao ni draiva, programu inayojua lugha ya kifaa. Tarishi wa njia ya zamani, AHCI, huwa na foleni moja ya amri 32 kwa kila diski. Wa njia mpya, NVMe, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2011, aweza kuruhusiwa hadi foleni 65,535. Lakini tarishi hata awe mwepesi namna gani, asipopewa barua hana la kupeleka.

Unapofuta faili, mfumo endeshi huandika tu katika orodha yake kwamba mahali pale pako wazi. Diski haijui lo lote. Ndiyo maana ikatungwa amri iitwayo TRIM, ambayo ni barua ya kusema kwamba kurasa fulani hazina mwenyewe tena. Diski ikiipata haihangaiki kuzihamisha kurasa hizo. Yaweza kuyafuta mafungu mapema, wakati wa utulivu, na maandishi mapya yakija hukuta nafasi iko tayari.

Basi, Bruda nami tulipochunguza tulikuta kwamba fundi aliyetia diski zile alinakili mfumo wa zamani kama ulivyokuwa, nao ni Windows XP wa mwaka 2001. Mfumo huo haujui TRIM. Katika Windows amri hiyo ilianza na Windows 7 mwaka 2009, na katika Linux ikaja na toleo la 2.6.33 mwaka 2010. Tena XP huanza sehemu yake kwenye sekta ya 63, hesabu isiyolingana na kurasa za SSD, hata kipande cha kilobaiti 4 kikakalia kurasa mbili, kidogo huku na kingi kule. Zaidi ya hayo, kompyuta zilikuwa zimepangiwa kukusanya vipande vya faili kila Ijumaa. Kazi hiyo husaidia sahani inayozunguka, lakini SSD huichosha bure. Kila fungu lina kikomo cha kufutwa, nacho katika diski nyingi za siku hizi ni mara elfu chache tu. Kwa sababu hiyo kidhibiti huzungusha zamu, fungu moja lisichakae kabla ya mengine.

Tulinakili kazi zote za wanafunzi mahali pengine, tukatia Linux kwa mpangilio unaolingana na kurasa. Wakati wa kuitengeneza sehemu yake, mfumo huo uliiarifu diski kwamba yote ni tupu. Na sasa mara moja kwa wiki kazi ndogo iitwayo fstrim hupeleka barua zote za juma lile. Wepesi ulirudi siku ile ile, na hatukutumia hata shilingi moja.

Katika mkutano mzee mmoja aliniuliza, "Kijana, kumbe diski tulizonunua hazikuwa mbovu?"

Nikamjibu, "Hazikuwa mbovu, mzee. Hazikuambiwa."

Akacheka, akasema, "Basi ni kama mume na mke wasiosemezana." Mama yangu, aliyekaa nyuma, aliuliza neno moja tu: je, fedha nyingine zitatakiwa? Nikasema, "La, mama."

Hata hivyo TRIM ina ukali wake. Mwenzetu wa Kidato cha Nne alifuta muhtasari wake wa Historia, akaja baada ya siku nane na programu ya kufufua faili. Katika diski ya zamani huenda angalibahatika. Lakini barua ilikwisha kupelekwa, na hakupata hata mstari. Alikesha akiandika upya, na mtihani ulikuwa karibu.

Kwa hiyo wenzangu, shikeni mambo manne. Usiijaze SSD mpaka pomoni, maana kidhibiti chahitaji nafasi ya kuhamishia. Usiipangie kazi ya kukusanya vipande. Zima kompyuta kwa utaratibu, kwa kuwa mfumo endeshi huweka maandishi mengine katika kumbukumbu ya muda kabla ya kuyapeleka kwenye diski, na umeme ukikatika ghafula hupotea. La mwisho, kazi yako yo yote yenye thamani iwe na nakala mahali pa pili kabla hujagusa kitufe cha kufuta. Diski iliyoambiwa isahau husahau kweli.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita