Petroli Nyingi, Chaji Kidogo

Wanaopita Namoto kwenda kuvuka mto Ruvuma huniona nyuma ya meza iliyojaa nyaya na chaja, wakadhani kazi yangu ni kuchaji simu. Simu hainisumbui. Unaichomeka, inajijaza. Kazi yangu ni injini: kijenereta kilichofungwa nyuma ya kibanda chini ya kipande cha bati, sentimita za ujazo 63, cha kuvuta kamba, tangi lake la lita nne. Kuanzia Palma na Quionga mpaka hapa mpakani, na ng'ambo kule Kilambo, karibu kila mwenye kibanda cha kuchaji amewahi kuishi na mashine ya namna hii. Asiyewahi kuifungua hajui inavyokula.

Kijana mmoja aliyesomea umeme Mtwara alinionyesha habari za mainjinia wa Marekani. Katika chuo cha MIT, tangu miaka ya 1990, kundi la Alan Epstein lilikuwa likichonga tabini ya gesi yenye ukubwa wa kifungo cha shati, kwa silikoni ileile ya kutengenezea chipu. Rota yake ilitakiwa izunguke zaidi ya mara milioni moja kwa dakika. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wao walihangaika na injini ya Wankel ya kulala juu ya sarafu. Nia ilikuwa kifaa kiache betri, kibebe injini yake na mafuta kidogo. Kijana akaniuliza, "Fundi, mbona mpaka leo hazipo madukani?" Nikamwambia akae nami mpaka jioni aone hii ambayo ipo.

Hesabu ya karatasi ni tamu. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Simu ya kawaida yenye betri ya miliampea-saa 4,000 hujaa kwa wati-saa 15 hivi. Kwa karatasi, lita moja ingejaza simu 600. Kwa uzito, petroli inaizidi betri ya lithiamu mara hamsini au zaidi. Ndiyo maana wasomi waliitamani.

Sasa hesabu ya kibandani. Simu 20 zikichomekwa pamoja hukaa kama saa tatu. Kwa muda huo mashine imekunywa lita moja na nusu, pengine zaidi kama ringi zimechoka. Simu zote kwa pamoja zimepata wati-saa 300. Petroli iliyoungua ilikuwa na zaidi ya 13,000. Katika kila mia, zilizofika kwenye simu ni mbili na kidogo. Nyingine zimetoka kwenye ekzosi, zimepasha moto mapezi ya silinda, na zimepiga kelele ambazo mvuvi huzisikia kabla hajafunga mtumbwi.

Sababu yake mteja haioni. Injini hii ili itoe umeme wa kawaida lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika, uwe umechomeka simu moja au friji. Pistoni ipande ishuke, feni ipoze, sumaku izunguke: hayo yote yanalipwa kwa petroli kabla simu ya kwanza haijapata kitu. Mashine ya wati 650 kubeba simu 20 ni lori kubeba kikapu cha mayai. Na hata ukiipa mzigo wake kamili, haikurudishii 15 katika mia.

"Basi si wangetengeneza ndogo zaidi?" kijana akasema. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Silinda ikipungua, nafasi ya moto inapungua haraka kuliko ukuta unaoizunguka, kwa hiyo moto unakuwa mdogo na ukuta wa kuunyonya unabaki mkubwa. Ukizidi kupunguza, unafika mahali pa milimita chache ambapo ukuta unaupoza moto mpaka unazimika wenyewe. Halafu kuna mwanya. Pistoni lazima iwe na nafasi ya kuteleza, na mwanya huo haupungui kwa kiasi kilekile injini inavyopungua. Ringi ikilika kidogo kwenye injini ya lori, dereva hajui. Ikilika vivyo hivyo kwenye hii yangu, navuta kamba mpaka bega linauma na mgandamizo haupo. Kwenye injini ya ukubwa wa kifungo, mwanya mdogo kama huo ungepitisha nguvu yote. Wale mabwana wa Marekani walikuwa wanapigana na adui ninayemfahamu, ila kwao alikuwa mkubwa zaidi.

Tena mashine kama hii yangu hazina sampu ya oili. Oili inachanganywa na petroli, lita moja kwa mililita 20. Mimi napima kwa bomba la sindano nililonunua duka la dawa. Wengi wanamimina kwa macho. Oili ikipungua, pistoni inanata kwenye silinda na safari imeishia hapo. Ikizidi, plagi inalowa, masizi yanaziba ekzosi, mashine inakohoa na kupoteza nguvu. Ninazoletewa kutengeneza nyingi zimekufa kwa moja ya njia hizo mbili, na mwenye mashine anaapa kwamba "imeharibika yenyewe."

Petroli nayo huku inauzwa kwa chupa na madumu. Imesafiri juani, imefunguliwa na kumiminwa mara nyingi, na safari nyingine imeongezwa mafuta ya taa au maji. Mafuta ya taa unayajua kwa harufu na moshi. Maji unayajua pale mashine inapozima ghafla, ukifungua kikombe cha kabureta unakuta tone linaviringika chini. Mashine iliyolala wiki kadhaa na mafuta ndani, jeti yake inaziba kwa utando wa kunata. Na chumvi ya bahari haichagui: inakula springi ya kamba, inakula vituo vya nyaya, inachubua alumini ya silinda.

Mteja angejua hatari ya mwisho wa tangi asingeacha simu yake mpaka mafuta yaishe. Mashine ikikaribia kukauka haizimi kwa adabu. Inapanda, inashuka, inapanda tena kwa kasi zaidi kuliko mwanzo, na umeme unapanda nayo. Dakika hiyo ndiyo inayoua chaja. Chaja nyingi za bei ndogo hazina kinga; unasikia mlio mdogo, harufu ya kuungua, basi. Gavana ikinata kwa kutu, hali ni hiyohiyo hata tangi likiwa limejaa. Wengine huniletea simu wakilalamika kwamba ikiwa kwenye chaji skrini inajigusa yenyewe, inafungua vitu na kupiga namba. Wanadhani ni virusi. Ni umeme mchafu na chaja dhaifu. Ichomoe, itatulia.

Moshi ndio nisioutania. Haijalishi mvua wala wizi: jenereta haiingizwi ndani. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Aliyelala nayo chumba kimoja haamki kulalamika.

Mtu wa mjini atauliza kwa nini tunateseka hivi. Mwaka 2020 kituo cha umeme cha Awasse kiliposhambuliwa, wilaya kadhaa za kaskazini mwa mkoa wetu wa Cabo Delgado zilikaa gizani. Machi 24, 2021 Palma ikavamiwa, mtandao wa simu wa pale ukakatika siku hiyohiyo, na watu wakatembea kwa miguu porini kuelekea huku mtoni. Mtu anafika na simu iliyozima, na ndani yake ndimo zilimo namba za ndugu zake wote; kichwani hana hata moja. Mtu huyo humwambii habari za mbili katika mia. Unavuta kamba. Petroli kwenye chupa hukaa miezi ikingoja siku kama hiyo, na kwa dharura sijaona kinachoishinda.

Kwa siku za kawaida ni hasara tupu, na wingi wa nishati si dawa. Gesi iligunduliwa kwenye bahari yetu mwaka 2010, gesi ya kutosha kulisha nchi za mbali, lakini kuwa nayo ni jambo moja, na kuigeuza iwe chaji ya mama anayeuza samaki ni jingine.

Mimi sasa mchana nategemea paneli ya sola na betri ya gari. Injini nawasha masika, mawingu yakikaa siku nyingi, na nikiiwasha naipa kazi yote kwa mkupuo: simu zote, betri, taa za majirani, hata mashine ya kunyolea. Ikishiba mzigo ndipo petroli inapata maana. Nazima kabla tangi halijakauka, nafunga koki ya mafuta. Usiku haiwashwi kabisa. Huku si vizuri kila mtu ajue ulipo.

Kwa hiyo ukifika masika na simu yenye asilimia tano, ukakuta mashine imezimwa, usinune nikikwambia, "Subiri kidogo, ndugu yangu, wenzako wafike." Wewe peke yako ukichomeka, kwa saa moja itaungua karibu nusu lita, na bei ninayokutoza hainunui hata robo ya mafuta hayo. Wakifika kumi na tano, navuta kamba.