Kiongozi Anayebaki Kijijini

Sasa unajua kusoma. Leo tuzungumze juu ya mtu unayemfahamu vizuri. Ndiye anayepiga kengele siku ya Jumapili. Ndiye anayeitwa usiku mtu akifariki. Mchungaji ana makanisa mengi, na wakati wa masika njia hazipitiki. Lakini mtu huyu yupo kila siku. Analima mahindi na maharage kama wewe. Sisi Waanglikana wa Kibondo tunamwita mwinjilisti. Wakatoliki wana katekista.

Habari ya Injili ililetwa kwetu Kigoma na wageni. Wamisionari wa chama cha London walifika Ujiji mwaka 1878. Mapadri Weupe wa Kanisa Katoliki walifika mwaka 1879. Lakini mgeni hawezi kukaa katika kila kijiji, na siku moja hurudi kwao. Mwaka 1966 iliundwa Dayosisi ya Western Tanganyika, makao yake Kasulu. Askofu wake wa kwanza, Musa Kahurananga, alikuwa Mtanzania.

Kiongozi wa kijiji naye anahitaji mafunzo. Je, atayapata wapi? Akienda chuoni miaka miwili au mitatu, nani atapalilia shamba lake? Nani atawalisha watoto?

Swali hili liliulizwa mbali pia. Huko Guatemala, Amerika ya Kati, chuo kimoja cha Wapresbiteri kiliona kwamba viongozi wa vijijini hawawezi kuacha mashamba yao. Mwaka 1963 walimu wakaanza kuwafuata wanafunzi. Mwanafunzi alisoma kitabu nyumbani kwake. Kisha alikutana na mwalimu na wenzake, wakaulizana maswali. Njia hiyo ilienea nchi nyingi, hata Afrika Mashariki.

Mwinjilisti wetu alisoma namna hiyo. Mchana alishika jembe, jioni aliwasha kibatari. Watu wengine walimcheka. Walisema, "Mzee mzima na daftari!" Yeye aliendelea.

Sasa nikueleze faida niliyoipata mimi.

Mume wangu aliugua kifua kikuu. Hospitali ilimpa dawa za miezi sita. Alipofika mwezi wa tatu alianza kupata nguvu. Ndipo akaja mhubiri mgeni kijijini. Alisema mtu mwenye imani hamezi dawa. Mume wangu akaniambia, "Mama, kesho simezi tena." Niliogopa sana. Nilijua dawa hizo zikikatizwa, ugonjwa hurudi kwa ukali. Lakini mimi ni nani nibishane na mhubiri?

Nikamwita mwinjilisti. Alikuja na Biblia yake. Hakumtukana yule mgeni. Alimwambia mume wangu, "Mzee, tusome pamoja." Akafungua Wakolosai sura ya 4, mstari wa 14. Pale tulisoma kwamba Luka, rafiki yake Paulo, alikuwa tabibu. Kisha akafungua Timotheo wa kwanza, sura ya 5, mstari wa 23. Pale Paulo anamshauri Timotheo namna ya kutunza tumbo lake. Mwinjilisti akauliza, "Je, Paulo alikosa imani?" Mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Leta maji ninywe dawa." Alimaliza miezi yote sita, akapona. Mpaka leo tunalima pamoja.

Ndugu msomaji, kama mwinjilisti asingejua kusoma, angekuwa na maneno matupu tu mbele ya maneno ya mgeni. Na kama angekuwa chuoni mbali, nisingempata usiku ule.

Basi, tumsaidie kiongozi anayesoma:

1. Wiki ya mafunzo ikifika, tumpalilie shamba lake.
2. Tumchangie nauli na daftari.
3. Tumuulize maswali. Swali zuri humfanya asome zaidi.
4. Tusome wenyewe mistari anayoitaja. Kiongozi mwema hachukii kufuatwa kitabuni.

Hata akina mama tunaweza kusoma na kuongoza. Elimu haina mwisho, wala haichagui umri.

Maswali

1. Kwa nini kiongozi wa kijiji hawezi kukaa chuoni miaka mingi?
2. Mwinjilisti alimsaidiaje mgonjwa?
3. Kijiji chenu kinawasaidiaje viongozi wanaojifunza?