Ufunguo Wagoma Tunduma

Tunduma ni mji wa mpakani, mkoani Songwe. Ng'ambo ni Nakonde, nchi ya Zambia. Malori hupanga foleni ndefu.

Tulikuwa tukimpeleka mama mjamzito Vwawa kwa gari kuukuu. Tulisimama kidogo, magurudumu yamekata kona. Dereva alipotaka kuliwasha, ufunguo haukuzunguka. Mimi nikakimbilia koleo.

Mzee mmoja, utingo wa zamani, akanizuia. "Mwanangu, ufunguo ukikatikia humo, mtalala hapa."

Akaeleza: ukichomoa ufunguo, komeo la chuma hufunga usukani, gari lisiibwe. Magurudumu yaliyokata kona hulibana komeo hilo. Akautikisa usukani kushoto na kulia, huku akizungusha ufunguo polepole. Ukakubali.

Mtoto alizaliwa Vwawa, si barabarani.