Niende Kilwa au Nisiende?

Kila mwanafunzi aliyesoma Jiografia anaijua picha ya chemchemi ya jangwani: mitende michache, kisima, nyumba za udongo, na mchanga pande zote hata mwisho wa macho. Mwaka jana mwalimu wetu alitueleza habari za Siwa, iliyo magharibi ya nchi ya Misri, ambako Aleksanda Mkuu alikwenda mwaka 331 kabla ya Kristo kuuliza habari zake katika hekalu la Amuni. Darasa likagawanyika. Je, mtu asiye mfalme wala mfanyabiashara afunge safari ya kwenda mahali padogo namna ile kwa sababu gani? Wengine walisema kuona tu kwatosha. Wengine walisema kuona bure ni kuharibu nauli. Kengele ikalia, tukaiacha hoja pale pale. Mimi sikudhani kwamba itanipasa kuijibu mwenyewe, tena si jangwani bali majini.

Katika likizo ya Juni nilikwenda kwa baba yangu mdogo anayekaa Nchelenge, nchi ya Zambia, kando ya Ziwa Mweru, afanyako biashara ya samaki wakavu. Safari yenyewe sitaieleza sana; aliyepanda basi anajua mabasi yalivyo. Nilivuka mpaka Tunduma, nikapita Kasama na Luwingu hata Mansa, kisha tukateremka kwa barabara ya bonde la Luapula tukapita Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda, na siku ya pili usiku nikawa nimefika.

Kwa wasiolijua ziwa hili, Mweru liko mpakani mwa Zambia na Kongo. Urefu wake ni kama kilomita 130, na eneo lake lapita kilomita za mraba 5,000. Walakini kina chake si kikubwa. Penye kina kirefu kabisa, upande wa kaskazini, ni kama mita 27 tu, na kusini ni pungufu ya hapo. Mto Luapula huingia kusini, na Mto Luvua hutoka kaskazini penye mji wa Pweto, ukaenda kuungana na Lualaba. Kwa kuwa maji ni ya kina kifupi, upepo ukiamka mawimbi huamka nao papo hapo, mafupi na ya kufuatana, yasiyompa nahodha nafasi ya kupumua. Lugha ya watu wa Nchelenge ni Kibemba, lakini sokoni Kashikishi nilikisikia Kiswahili kila siku, maana Kongo iko ng'ambo. Na tangu mwaka 2017 wilaya hiyo imepokea maelfu ya watu waliokimbia mapigano ya Katanga, kwanza mahali paitwapo Kenani, na baadaye, tangu 2018, katika makazi ya Mantapala. Basi sikuwa mgeni sana wa maneno.

Kazi yangu ilikuwa kuchambua chisense, samaki wadogo ambao sisi tungewaita dagaa. Huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi huanikwa hata ufuko wote ukang'aa kama bati jipya. Hapo ndipo nilipoanza kusikia jina la Kilwa. Mafungu fulani ya samaki yalikuwa “ya Kilwa”, mashua fulani ilikuwa “imetoka Kilwa”, mama fulani alikuwa “amekwenda Kilwa”. Nikauliza, nikaambiwa ni kisiwa cha Zambia kilicho ndani ya ziwa hili, karibu zaidi na upande wa Kongo, na kwamba huko Kongo, mkabala wake, uko pia mji uitwao Kilwa. Sisi tuliosoma historia ya pwani, tukaimba tarehe za Kilwa Kisiwani kabla ya kila mtihani, jina lile likitajwa hatuwezi kukaa kimya. Nikaona kama kwamba nimeitwa.

Tena kisiwa chenyewe kina kisa chake. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa akiitawala Kongo, walipatana juu ya mpaka. Mstari ulipaswa kwenda moja kwa moja kutoka penye mlango wa Luvua hata penye mlango wa Luapula, illa waliupinda upande wa kusini ili kisiwa cha Kilwa kiangukie kwa Waingereza. Hivyo ndivyo kilivyokuwa cha Zambia leo. Wenye kisiwa hawakuulizwa. Mtu asiyetamani kukanyaga mahali ambapo ramani ya Afrika ilipindwa kwa ajili yake, basi mimi simwelewi.

Jioni moja nikamwambia baba mdogo. Alinitazama kitambo, akaniuliza, “Mwanangu, una shughuli gani Kilwa?”

“Sina shughuli, baba. Nataka kupaona tu.”

“Hapa, mtu mwenye macho na asiye na shughuli humwita mpelelezi,” akasema, akacheka hata akakohoa. Lakini hakunikataza. Alisema mimi ni mtu mzima wa miaka kumi na tisa, nipime mwenyewe, kisha nimpe jibu.

Nikaanza kupima. Watu walinipa sababu nyingi za kutokwenda, na nyingi hazikuwa na uzito. Mmoja alinitisha kwa mamba, na hali mamba hawachagui kisiwa wala bara, na wanawake wa Nchelenge hufua kando ya maji yale yale kila asubuhi. Mwingine alisema huko hakuna kitu cha kuona, ni nyumba, nyavu na mihogo. Hiyo kwangu ilikuwa sababu ya kwenda. Ndugu yangu, mwana wa baba mdogo, mwenye miaka kumi na saba, ambaye amekwisha kwenda mara tatu, alinihimiza mchana na usiku. Nadhani alitaka zaidi kuona watoto wa kisiwani wakikicheka Kibemba changu.

Mambo mawili yalikuwa mazito kweli. La kwanza lilikuwa mashua. Zile zinazokwenda visiwani ni za mbao, zenye mashine nyuma, nazo hujazwa unga, chumvi, sabuni, madumu ya mafuta, na watu juu ya hayo yote. Nilikwenda kuitazama moja ikipakiwa. Nikahesabu watu, kisha nikahesabu maboya ya kuvaa, na hesabu hizo mbili hazikukutana. Nahodha, mzee mpole anayesema Kiswahili cha Kongo, hakukasirika nilipomwuliza. Alisema mtu mmoja ni kama gunia moja na nusu, na kwamba yeye hupakia kwa kutazama ubao wa pembeni, si kwa kutazama fedha. Ubao ulikuwa juu ya maji kiasi cha shubiri mbili hivi. Nikaona kwamba hata kama sitazama, mahali pangu pale juu ya magunia pangeweza kuwa pa mtu mwingine, maana wagonjwa wa visiwani wapelekwao hospitali ya St Paul's hurudi kwao kwa mashua hizo hizo. Msafiri wa kuona tu hulipa nauli sawa na mama anayemrudisha mtoto nyumbani, lakini haja zao si sawa.

La pili alinionyesha mama mdogo, mke wa baba mdogo, mwenyeji wa Kashikishi, ambaye dada yake ameolewa huko Kilwa. Alikuwa akisonga ugali wa mihogo, ambao wao huuita ubwali, na hakuacha kusonga alipokuwa akisema. “Ukienda utafikia kwa dada yangu. Hatakuuliza umekuja siku ngapi. Atakupikia. Je, wewe utamchukulia nini?”

Nilijibu kwamba nitakaa siku mbili tu. Akasema, “Siku mbili ni zako. Upepo una zake.”

Neno hili lilinikaa kichwani kuliko mamba wote. Mansa nililala katika nyumba ya wageni, nikalipa, nikaondoka. Mwenye nyumba hakupungukiwa na kitu, bali aliongezewa. Hata huko Siwa siku hizi barabara ya lami yafika kutoka Marsa Matruh, na mgeni huenda kwa gari na kulipa chakula chake. Lakini mahali ambapo kila kibaba cha chumvi kimefika kwa mashua, mgeni hali chakula cha mwenyeji tu. Anakula na nauli ya chakula kile. Dada yake mama mdogo ana watoto wanne. Siku mbili zikigeuka kuwa sita, fedha ya kumlipa isingekuwa na maana kubwa, kwa kuwa fedha haisagwi.

Nikakumbuka pia habari za Livingstone, aliyeliona ziwa hili tarehe 8 Novemba 1867. Alipofika kwa Mwata Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mtu wa asili ya pwani, aliyekuwa amezuiwa huko miaka mingi, hana ruhusa ya kuondoka. Zamani nilisoma habari hiyo kama kichekesho cha historia. Sasa niliifikiri upya: mtu yule alikwenda kwa hiari yake, lakini kurudi hakukuwa mkononi mwake.

Wangu wa kunizuia alikuwa upepo wa kusini-mashariki, uvumao sana katika miezi ile ya kiangazi. Jumatatu mashua haikutoka. Jumanne haikutoka. Jumatano ilitoka saa kumi na moja alfajiri, ikarudi saa mbili, watu wamelowa na unga umelowa. Alhamisi nikaenda kwa nahodha, nikamweleza hesabu yangu: basi langu laondoka Jumanne ijayo, na shule inafunguliwa siku chache baadaye, nami naingia kidato cha sita.

“Kukupeleka kesho naweza kukuahidi,” akasema. “Kukurudisha kabla ya Jumanne, hapana. Mwezi huu upepo ndio mwenye mashua, mimi ni karani wake.”

Nikamwuliza, tukisukumwa upande wa Kongo itakuwaje? Akasema hulala ufukoni hata kutulie, ndipo hurejea. Yeye anajulikana pande zote mbili. Mimi nilikuwa na muhuri wa Zambia peke yake katika hati yangu ya safari, na askari wa forodha hawasomi mawimbi.

Usiku ule nikampa baba mdogo jibu langu: sitakwenda safari hii. Hakusema neno la kunisifu wala la kunilaumu, alinisogezea sahani tu. Ndugu yangu alinuna. Lakini nilikuwa nimeweka akiba ya ujira wangu wa kuchambua chisense majuma matatu, nayo ilikuwa fedha ya Kilwa. Sikuona vema igeuke kuwa fedha ya soda za njiani. Asubuhi yake nikanunua mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25, na miche miwili ya sabuni, nikaandika barua fupi kwa Kiswahili, maana mama yule huuza samaki upande wa Kongo na anakijua. Nilijitaja kuwa mimi ni mwana wa shemeji yake, nikaeleza kwamba nilitaka kuja kuwaamkia lakini siku zimenipungukia. Nahodha akaupandisha mfuko mahali pale pale ambapo ningekaa mimi. Hakutaka nauli ya barua, ya unga alitoza.

Sasa wasomaji wataniuliza, je, mashua ilirudi lini? Ilirudi Jumapili alasiri, ziwa limelala kama maziwa katika bakuli. Ndugu yangu alikuja mbio kuniletea habari hiyo, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyostahili. Nilimwambia kwamba Alhamisi hakuna aliyeijua Jumapili, hata nahodha. Nami nasema hivyo hata leo. Mtu hukata shauri kwa yale anayoyajua siku anapolikata; tena kama ningalikwenda na ziwa likachafuka, yeye yule angalikuwa wa kwanza kusema kwamba alinionya.

Nahodha alileta kikapu cha samaki aina ya pale waliokaushwa kwa moshi, na salamu za mdomo kutoka kwa yule mama. Alisema unga umefika mkavu. Alisema mgeni asiyekuja na badala yake ukaja mfuko, hajapata kumwona tangu kuolewa kwake. Tena alisema kwamba nimechagua mwezi mbaya: Juni kila mtu yuko katika nyavu na hakuna wa kukaa na mgeni. Nije Desemba. Kuanzia tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazae, wanaume wako nyumbani wakishona nyavu na kupiga hadithi, na mumewe mwenyewe atanizungusha kisiwa kizima kwa miguu.

Mimi nilikuwa nimehesabu chakula, upepo, mpaka na shule, nikajiona nimehesabu yote. Kumbe wenyeji nao wana hesabu yao ya mgeni, na ndani yake mgeni si mdomo tu wa kula. Ni mtu wa kuzungumza naye katika miezi mitatu isiyo na kazi. Hilo hakuna mtu aliyeniambia Nchelenge, kwa kuwa hakuna niliyemwuliza aliyekuwa akikaa kisiwani.

Desemba hii itakuwa likizo yangu ya mwisho kabla ya mtihani wa Mei, na mama yangu hapendi kusikia neno mashua. Nimemwandikia barua ya kurasa tatu, nikaeleza habari za nahodha na ubao wa pembeni, na kwamba boya nitanunua la kwangu mwenyewe. Jibu lake halijafika.