Uzoefu na Usumbufu katika Viwanja Vikuu vya Ndege

Sisi abiria aghalabu huupima uwanja wa ndege kwa yale tuyaonayo: upana wa kumbi zake, wepesi wa kupata mizigo, na usafi wa mahali pa kutawadhia. Rubani ana mizani nyingine. Yeye hutazama mambo mawili: uzoefu alio nao wa mahali hapo, na usumbufu utakaompata tangu magurudumu yaguse ardhi hata ndege isimame langoni.

Natutazame viwanja viwili vya Marekani ambamo abiria wengi hubadilisha ndege. Atlanta ina njia tano za kurukia na kutua, zote zimelazwa sambamba toka mashariki hata magharibi, na majengo ya abiria yamo katikati. Mwaka 2007 iliongezwa njia ya kuzungukia, iliyoshushwa chini kiasi cha mita 9, ili ndege iliyokwisha kutua ipite bila ya kuzingojea zinazoondoka. Mgeni huielewa ramani yake upesi.

Katika uwanja wa O'Hare, Chicago, mambo ni mengine. Njia ni nane: sita sambamba na mbili za mshazari. Maagizo ya waongozaji hutolewa kwa kasi. Ndege itakayotua upande wa kaskazini kabisa ina mwendo mrefu kabla ya kufika langoni. Na wakati wa baridi huzidi theluji, ambayo sharti iondolewe mbawani kabla ya kuruka.

Je, kipi bora? Rubani mwenye kituo chake Chicago atasema O'Hare haina taabu, kwani agizo hulijua kabla halijatamkwa. Mwenziwe wa Atlanta atamshangaa. Wote wawili husema kweli; ila yule wa kwanza hausifu uwanja, bali ayasifu mazoea yake.

Tena mazoea huchakaa. Baina ya mwaka 2008 na 2020, O'Hare ilifungua njia nne mpya, na baadhi ya zile za mshazari zikafungwa. Aliyeujua uwanja huo mwaka 2000, asirudi tena, leo ni mgeni.

Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Usiku wa tarehe 7 Julai 2017, ndege ya Air Canada ilikuwa ikitua San Francisco. Huko kuna njia mbili za kutua zilizo sambamba upande huo, lakini usiku ule moja ilikuwa imefungwa na taa zake kuzimwa. Marubani walitazamia kuziona mbili kama siku zote. Basi barabara ya pembeni waliidhani njia ya kutua. Juu yake zilikuwapo ndege nne zikingojea kuruka. Walipanda tena angani wakiwa wamebakiwa na mita 18 tu. Habari za kufungwa kwa njia ile zilikuwamo katika karatasi zao za safari.

Basi enyi vijana mnaoitamani kazi hii, fahamuni kwamba usumbufu humwamsha mtu, na uzoefu waweza kumlaza. Rubani mwema huisoma ramani ya uwanja wake wa kila siku kama aisomavyo ya uwanja asiowahi kuuona.