Samaki Hana Kucha

Samaki hana kucha. Akiwashwa, anachoweza ni kukimbia kwa kasi, kujilaza ubavu na kujisugua kwenye jiwe au bomba la pampu. Ukimwona mara ya kwanza utasema, "Ona vile anajibamba."

Mdogo wangu alipopata kazi Doha, aliniachia tangi la kioo na samaki watatu wa dhahabu. "Sistangu, usiniulie hawa wasee," akasema. Kila jioni huniuliza samaki wako aje, nami namuuliza yeye yuko aje. Jibu lake ni lile lile: "Niko fiti."

Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza, mmoja wao akaanza kujikuna. Kujikuna mara moja moja si hoja. Huyu alijisugua mara kumi kabla sijamaliza chai. Nikampigia mdogo wangu.

Hakuniuliza kama samaki yuko sawa. Aliuliza: anajikuna peke yake, ama wote? Anapumua haraka? Mapezi yamekunjwa? Maji ulibadilisha lini?

Akanieleza. Wote wakianza ghafla, shuku maji kwanza. Klorini ya maji ya mfereji huchoma matamvua, vivyo hivyo amonia inayotokana na kinyesi chao na chakula kilichooza. Nikapima maji: amonia sufuri. Maji niliyoongeza yalikuwa yameshinda kwenye ndoo wazi, na pia niliyatia dawa ya kuondoa klorini. Kwa hivyo huenda ni kimelea.

Siku tatu baadaye, vidoa vyeupe vikatokea mkiani, kama punje za chumvi. Kimelea hiki huingia chini ya ngozi, kikajificha humo kikila. Kikishiba hudondoka chini ya tangi, kinajigawa, na mamia ya wadogo wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huwaua hao wanaoogelea tu. Aliye chini ya ngozi haguswi. Ndiyo maana dozi hurudiwa, hata baada ya vidoa kupotea. Kwenye nyuzi 25 mzunguko wote huchukua chini ya wiki. Maji yakiwa baridi, hukokota zaidi.

Kilichonikaa akilini ni kwamba muwasho ulitangulia vidoa. Kwenye matumbawe ya pwani yetu kuna samaki mdogo mwenye mstari mweusi ambaye kazi yake ni kuwala wadudu walio kwenye miili ya wenzake. Wanapanga foleni kwake kama kinyozi. Ndani ya tangi hakuna kinyozi. Kuna jiwe, na mtu anayetazama.

Jioni hiyo sikumuuliza mdogo wangu yuko aje. Nilimuuliza alilala saa ngapi. Alikula nini mchana. Mara ya mwisho alituma pesa nyumbani lini, na kwa nini.

Akanyamaza. Kisha akasema hajalipwa miezi miwili, na pasipoti yake iko kwa mwajiri.

Samaki walipona, wote watatu. Mshahara bado. Amepeleka malalamiko kwa ofisi ya kazi ya huko, na mimi nahifadhi nakala za mkataba wake. Kila jioni bado naulizia chakula na usingizi. "Niko fiti" siihesabu tena kama jibu.