Wababa wa Kamatanda na meka ya bunga

Kwetu Kamatanda mtu hasemi "mwezi wa kumi" kama kalenda inavyosema. Anasema "mbele mvua inyeshe". Mvua ya kwanza ndiyo inayoonyesha nyumba ya nani iko na paa na nyumba ya nani iko na matundu. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya wababa wa kanisa, tangu nilipoingia katika kikundi chao mwaka 1996, ni kupanda juu ya nyumba za wajane na wazee siku za mwisho za Septemba, wakati jua linawaka mpaka bati haishikiki kwa mkono. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne tumekwisha kushuka. Misumari tunaomba huku na huku. Ngazi ni moja tu, imekwisha kuungwa mara tatu, na kila mwaka kuko mtu anayesema haitafika mwaka ujao.

Kikundi hakina jina kubwa. Watu wanatuita "ba papa", basi. Tuna mwenyekiti, mwandishi, na mwenye kutunza feza, na tunakutana siku ya Mungu kisha misa ya pili, chini ya mwembe. Wazee waliotutangulia walikuwa wengine wao watu wa Jamaa, ile njia ya sala iliyoanzishwa na Padri Placide Tempels kule Kolwezi mwaka 1953, katika kambi za wafanyakazi. Katika Jamaa bwana na bibi walitembea pamoja. Mmoja hakuweza kuingia peke yake. Kikundi chetu ni cha wanaume tu, na tuseme ukweli, wazee wale walituona kama nusu ya kitu. "Muko mguu mumoja," walisema. Na kweli, siku ya kazi wamama ndio wanaoleta bukari na sombe, lakini mu ripoti ya mwaka majina yao hayaandikwi.

Majira ya kazi ya wanaume si jambo jipya katika inchi hii. Wazee Basanga, wenyeji wa udongo huu, walikuwa na desturi yao ya shaba kabla ya kampani yoyote. Mtama ukiisha kuvunwa, kama mwezi wa tano, mfalme alifungua kazi, na watu waliondoka mu mji kwenda kuchimba lile jiwe la kijani. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha, wakamimina misalaba midogo ya shaba iliyotembea mpaka mbali kama feza. Mvua ikikaribia walirudi kulima. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya hao "walaji wa shaba" mwaka 1926. Mimi ninalolishika katika habari ile ni dogo: mtu hakuyeyusha shaba peke yake. Kulikuwa fundi mkubwa, kulikuwa wenye kuvuta mivukuto, kulikuwa miiko ya wote. Siku hizi jina la Kamatanda limejulikana mbali kwa ajili ya shaba na kobalti, lakini kijana anashuka mu shimo na mfuko wake, na anapanda na mfuko wake.

Kisha mvua kuanza tunalima. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu wote, tunasafisha makaburi, na juma lile lile tunapanda mahindi. Desemba watu wanakula bowa kutoka porini, na Noeli inapita bila shida kubwa. Shida iko Januari na Februari. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu yangali mabichi, na bei ya meka ya bunga inapanda kila juma. Katikati ya njaa hiyo inaingia Kwarezima. Padri mmoja wa zamani alikuwa anacheka akisema kwamba Kanisa la Roma liliweka mfungo bila kuuliza watu wa Katanga, kwa maana hapa tumbo limekwisha kufunga lenyewe mbele ya Jumatano ya Majivu.

Basi Kwarezima ndiyo wakati wetu mkubwa wa kutoa. Zamani ilikuwa rahisi. Wengi wetu tulikuwa na mshahara na posho. Kila mwezi mtu alitoa sehemu, na kikundi kilinunua mifuko ya bunga kwa maskini. Maskini walijulikana: mjane, kipofu, mgeni aliyeshuka mu gari moshi bila ndugu. Sisi tulikuwa upande wa kutoa, wao upande wa kupokea, na hakuna aliyefikiri kwamba upande unaweza kugeuka.

Ukageuka. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka mara moja, katika mpango ule wa "kuondoka kwa mapenzi" uliolipiwa kwa feza za Benki ya Dunia. Mji wa Likasi uliuona mwaka ule barabarani: baiskeli mpya, maduka madogo yaliyofunguliwa na kufungwa, sherehe, kisha kimya. Mbele ya hapo, mwaka 2001, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya "Bana Shaba" walioachwa na baba yao. Baba ni kampani. Lakini kuko pia baba wa nyumba, yule aliyekuwa analeta mfuko wa bunga kila mwezi, na siku moja anakaa mu kiti asubuhi mpaka mangaribi, na watoto wanamwomba mama yao chakula, yeye hawamwombi tena.

Hapa ninafika kwenye jambo langu mwenyewe, na si la kujisifu.

Mwaka 2005 mimi nilikuwa mwandishi. Kikundi kilikuwa na kanuni: orodha ya wanaosaidiwa isomwe mbele ya watu wote, kisha misa, siku ya Mungu ya pili ya Kwarezima. Kanuni ilikuwa nzuri. Ililetwa na mzee mmoja aliyekuwa mwenyekiti wetu miaka mingi, fundi wa karakana, mtu wa hesabu, kwa sababu wakati fulani mifuko ilipotea njiani kati ya soko na kanisa. "Yenye kusomwa haiibiwe," alikuwa anasema. Mwaka ule wajumbe wa mashirika, zile jumuiya ndogo za mtaa, walileta majina. Nilikuwa naandika haraka. Niliona jina la yule mzee. Nilifikiri: ni haki yake, tangu aache kazi hana kitu. Sikufikiri zaidi ya pale.

Nilisoma. Nilisoma kwa sauti nzuri, kama mtu anayependa kusikiwa. Jina lake lilikuwa la saba. Alisimama, akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa kando. Bibi yake alibaki, akiangalia chini.

Majuma matatu hakuja misa. Mfuko wake ulikaa mu depo. Wenzangu walisema ni kiburi, mzee anakufa na njaa na bado anataka kuitwa mwenyekiti. Mimi nilikwenda kwake siku moja mangaribi, bila mfuko. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Alinipa kiti, akaniuliza habari za watoto, akanywesha munkoyo, kama vile hakuna neno. Mimi ndiye niliyeanza.

"Baba, tuligomba?"

"Hapana, mutoto yangu. Hatukugomba. Bunga si mubaya. Bibi yangu alisema tuipokee. Lakini bakwe yangu walikuwa mu kanisa siku ile, balitoka Panda kutuamukia. Wewe ulinisomea mbele ya bakwe."

Nikamwambia kwamba kanuni ni yake.

Alikaa kimya, akapitisha mkono juu ya mpini. "Njo vile," akasema. "Nilisomea batu miaka kumi na moja. Sikujua inaumaka namna gani."

Kisha akaniuliza kama kikundi kiko na shamba. Nikasema hapana. Akasema yeye ana mikono bado, na jembe hili anachonga si la kuuza.

Kutoka hapo mambo yalibadilika, polepole, na kwa makelele. Mwezi wa tisa mwaka ule tuliomba kipande cha shamba kwa mkubwa wa mji, upande wa pori. Kanuni mpya ilikuwa hivi: anayeweza kulima analima, na anapata sehemu yake ya mavuno kama mlimaji, si kama maskini. Asiyeweza, kwa ugonjwa ao uzee, anapelekewa usiku, kwa pousse-pousse, bila orodha kusomwa. Mzee alikuwa wa kwanza shambani kila asubuhi. Mwezi wa tano alichukua mifuko yake miwili mbele ya watu wote, saa nne ya mchana, akisukuma yeye mwenyewe, akasalimia kila mtu njiani. Sijapata kuona mtu anasukuma mahindi kwa namna ile.

Lakini nisidanganye wasomaji. Orodha ilipoacha kusomwa, maneno yalianza. Nani alipewa? Kwa nini nyumba ile na si hii? Miaka miwili kisha hapo mtunza feza wetu alishitakiwa kwamba mifuko ya usiku ilikuwa inapotea gizani, na mpaka leo kuko watu hawaamkiani kwa ajili ya hesabu ile. Mzee mwenyewe alikubali: usiku unaficha haya, unaficha pia mwizi. Tulipata njia ya katikati. Orodha inaandikwa, padri anaiona, na wanaume wawili kutoka mashirika mbalimbali wanaiweka sahihi; sauti haitoki. Haitoshi, lakini ndiyo tuliyo nayo.

Wakati wa baridi, Juni na Julai, tunapeleka blanketi na sabuni mu gereza la Buluo, na hapo pia tulijifunza kutouliza mtu alifanya nini. Mwanzo wa Agosti tunarudi makaburini. Katika Kongo yetu tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi: asubuhi ni ya wafu, mchana ni ya wazima. Majani yamekauka, tunakata kwa panga na kuchoma kwa uangalifu, watoto wanabeba maji. Mzee yuko pale tangu mwaka 2011. Kaburi lake tulilichimba sisi wenyewe, na kwa kuwa udongo ni mawe tupu, tulichimba tangu asubuhi mpaka saa tisa.

Sasa kuko kitu kingine. Vijana wameingia katika kikundi, na tunawashukuru, kwa sababu magoti yetu hayapandi tena juu ya mabati. Kwarezima iliyopita mmoja wao alileta bunga nzuri, mifuko kumi, kutoka kwa watu wake wa Lubumbashi. Alipomkabidhi mama mjane mfuko, alimwomba aushike vizuri, asogee kidogo ku mwangaza, akapiga picha kwa simu. Mama alicheka kidogo, yale macheko ya kufunika mdomo na mkono. Mangaribi picha ilikuwa imefika mu simu za mtaa muzima.

Nilimwita kijana pembeni, nikamwomba aifute. Hakunijibu vibaya. Alisema: "Papa, wenye kutoa banataka kuona. Kama habaone, mwaka kesho habatume." Nikamhadithia habari ya jina la saba. Alisikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa, akasema mzee yule alikuwa na haki. Kisha akaniuliza mifuko ya mwaka kesho itatoka wapi.

Tutakutana tena chini ya mwembe Septemba, mbele mvua inyeshe. Neno hilo nimeliandika la kwanza mu kitabu cha mkutano. Ngazi ni la pili.